UZI: Kuchochea retina kwa umeme (RP na wenzake) – dozi, vifaa, na watu wasiofaa kuguswa

#1 Konea_Nakuru

Maswali ya "mashine ya umeme ya kurudisha macho" yamezidi, na majibu yanachanganya vitu vitatu vilivyo mbalimbali kama Naivasha na Busia. Tuvitenganishe kwanza.

Kuna vipandikizi vya ndani ya jicho, mfano Argus II, vilivyompa mtu aliyepofuka kabisa madoa ya mwanga ya kumwongoza. Argus II iliacha kutengenezwa 2019. Kuna miwani ya kukanda macho inayouzwa mitandaoni, inayotetemeka na kupasha kope joto. Hiyo haifiki kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hata kwa bahati. Halafu kuna kuchochea retina kwa mkondo mdogo unaopitia konea (kioo cha mbele ya jicho), kwa kifupi TES. Uzi huu ni wa hicho cha tatu. Ugonjwa uliochunguzwa zaidi ni retinaitisi pigmentosa, RP, ule wa kurithi unaoanza kwa kutoona gizani, kisha uwanja wa kuona unabanwa kutoka kandoni mpaka mtu anabaki kutazama kama kupitia bomba. Huwapata takriban mtu 1 kati ya 4,000.

Chanzo cha wazo ni panya. Mwaka 2005 kikundi cha Morimoto, Japani, kilionyesha kwamba neva ya jicho ikikatwa, seli za retina zinazopeleka habari kwenye ubongo hufa kwa kasi ndogo zaidi ikiwa konea inachochewa kwa umeme. Waliona pia kuwa seli za Müller, zile zinazoishikilia retina na kuilisha, huongeza IGF-1, kikuza-seli kimojawapo. Mwaka 2007 wakarudia kwa panya wa RCS, wanaozaliwa na kasoro ya retina, na seli za kupokea mwanga zikachelewa kufa. Kwa hiyo umeme hauamshi seli iliyokufa. Unazichokoza seli saidizi zimwage "mbolea" kwa zile zilizobaki. Asiyebakiwa na seli hana cha kutiliwa mbolea, na hilo ndilo wauzaji hawalisemi.

Utaratibu ni huu. Mgonjwa huketi ameegemea, kichwa kimetulia. Ngozi ya panja husafishwa mafuta kwa spiriti, ikaachwa ikauke, halafu elektrodi ya kurudisha mkondo hubandikwa hapo. Kwenye jicho huwekwa elektrodi ya DTL, ambayo ni uzi mwembamba wa nailoni wenye fedha (uzi ndani ya uzi, mnisamehe). Hulala juu ya ukingo wa kope la chini, ukigusa sehemu ya chini ya konea pale machozi yanapotuama. Tone moja la machozi ya kutengenezwa, yasiyo na kihifadhi, kisha kazi inaanza.

Kazi yenyewe ni kutafuta kizingiti cha fosfini. Fosfini ni vimetameta ambavyo jicho huona bila mwanga kuingia. Punguza taa za chumba. Anza sifuri, panda hatua ndogondogo mpaka mgonjwa aseme anaona kitu kinametameta, mara nyingi pembeni. Shuka mpaka kipotee. Rudia mara tatu kwa kila jicho na uchukue wastani. Dozi huwekwa asilimia 150 au 200 ya kizingiti hicho. Mwenye kizingiti cha mA (miliampea) 0.1, kwa 200%, anapewa mA 0.2. Mipigo ni 20 Hz (20 kwa sekunde), kila mmoja ms (milisekunde) 5 chanya ikifuatwa papo hapo na ms 5 hasi, dakika 30, mara moja kwa wiki. Ukipiga hesabu ni mipigo 36,000 kwa kikao. Wengi huuliza kwa nini 20 Hz: hapo ndipo kizingiti kiko chini, yaani retina inaitika kwa mkondo mdogo.

Kinachoharibika mara nyingi ni hicho kizingiti. Mgonjwa mwenye hamu husema "naona" kabla ya kuona. Dawa yake ni kuchomeka majaribio ya sifuri katikati bila kumwambia. Akisema "naona" kwa mA 0, anza upya. Uzi ukikauka kizingiti kinapanda kwa uongo, na dozi nayo inapanda. Na usimwulize "unaona?" kila hatua kwa sauti ileile ya kupanda. Watu husoma sauti.

#2 Fundi_wa_Vifaa_Ksm

Asante daktari. Naongeza upande wa umeme, maana hapa ndipo kifaa kizuri na kibaya vinapoachana.

Kwanza, kifaa lazima kishikilie mkondo, si volteji. Ukinzani kati ya uzi na ngozi hubadilika mgonjwa akipepesa, akisinzia, jicho likikauka. Kifaa cha kushikilia mkondo hupandisha volteji chenyewe mpaka kikomo chake, na kikifika huko hulia. Kikilia, usiongeze dozi. Simamisha, lowesha uzi, kagua kibandiko cha panja, uendelee.

Pili, usawa wa chaji. mA 0.2 kwa ms 5 ni mikrokulombi 1 kwa kila nusu ya mpigo. Nusu hasi lazima ichukue kilekile ambacho nusu chanya iliweka. Tofauti ya asilimia 1 tu ni nanokulombi 10 kwa mpigo. Zidisha kwa 20, unapata mikroampea 0.2 za mkondo wa moja kwa moja, dakika 30 nzima. Hapo kidogo si tatizo, lakini kifaa cha bei ya kutupa chenye tofauti ya asilimia 30 kinafika mikroampea 6, na mkondo usiobadili mwelekeo hugeuza kemia ya machozi kwenye fedha: upande mmoja asidi, upande mwingine alkali. Konea haipendi yote mawili.

Jinsi ya kupima kifaa hospitali ikikipokea, juu ya meza, bila mtu yeyote kuunganishwa: weka rezista ya kilo-ohm 1 badala ya jicho, tazama kwa oskiloskopu. Kwa mA 0.2 unapaswa kuona volti 0.2 juu na 0.2 chini. Badilisha uweke kilo-ohm 10: volti 2 juu, 2 chini, umbo lilelile. Ikiwa volteji haikupanda mara kumi, hicho hakishikilii mkondo. Kupima usawa, chuja kwa rezista ya kilo-ohm 100 na kapasita ya mikrofaradi 10 isiyo na polariti, subiri sekunde kumi, soma milivolti za DC kwa mita. Juu ya kilo-ohm 10, kila mV 10 ni mikroampea 1.

Tatu, stima ya ukutani. Viwango vya IEC 60601-1, vya kimataifa vya usalama wa vifaa vya tiba, huruhusu kifaa cha aina ya BF (kinachogusa mwili wa mgonjwa, si moyo) kivujishe mpaka mikroampea 100 kwa mgonjwa katika hali ya kawaida, na 500 kukiwa na hitilafu moja. Kwa mguu au mkono hiyo si kitu. Kwa TES, mikroampea 100 ni kizingiti kizima cha mgonjwa wa mfano wetu! Ndiyo maana kifaa hutumia betri na hakitumiki kikiwa kinachajiwa. Stima ikirudi baada ya kukatika ndipo adapta za bei rahisi hutema.

#3 Jirani_wa_Kondele

Nauliza: mashine ya TENS, ile ya mgongo inayouzwa kemisti, ikiwekwa chini kabisa na vibandiko vidogo karibu na jicho, haiwezi kufanya kazi hiyohiyo? Mkondo si mkondo?

#4 Fundi_wa_Vifaa_Ksm

Hapana ndugu, na si kwa sababu ya ubora. TENS imeundwa kwa neva za ngozi. Mipigo yake ni mifupi, mikrosekunde 50 hadi 300, na mkondo wake unafika mA 80 na zaidi. Hatua moja ya kitufe mara nyingi ni mA 1 nzima, mara tano ya dozi ya mfano wetu. Ile mA 1 kwa mikrosekunde 200 inabeba mikrokulombi 0.2, kwa hiyo retina inapata chaji chache kuliko inayohitaji huku kope na misuli ya uso inaruka. Ukiongeza ili ufidie, unaumia. Kijitabu cha TENS chenyewe huandika: usiweke juu ya macho, wala mbele ya shingo.

Na kabla hujauliza: kujitengenezea kwa betri ya volti 9 na rezista, vilevile hapana. Hakuna kinachozuia mkondo wa moja kwa moja siku kapasita moja ikivuja.

#5 Optometria_Kakamega

Naona tumerukia dozi kabla ya kuhakikisha ugonjwa. Huku Magharibi kutoona usiku si RP moja kwa moja. Jua linazama upesi, saa moja jioni giza limeingia, na mtoto anayejikwaa uani saa hiyo anaweza kuwa na upungufu wa vitamini A. Angalia weupe wa jicho: umekauka? una madoa kama povu? Huyo anatibika kwa vidonge, na umeme ungekuwa kejeli.

Kwa mtu mzima, kaswende inaweza kuiga RP karibu kila kitu, madoa meusi ya retina yakiwemo. Kipimo cha damu ni rahisi. Jicho moja tu likiathirika, shuku maambukizi au jeraha la zamani kabla ya kusema RP, kwa kuwa RP hupiga macho yote mawili kwa mfanano. Klorokwini na hidroksiklorokwini zilizotumiwa miaka mingi huharibu makula, kitovu cha retina cha kuonea katikati. Na kila mwenye RP apimwe masikio: RP pamoja na uziwi ni ugonjwa wa Usher, na mipango ya mtoto inabadilika kabisa.

Jambo la kwetu hasa: mzio wa macho. Watoto na vijana wenye macho mekundu yanayowasha, wanaosugua kila saa msimu wa vumbi, hawawezi kukaa na uzi wa DTL dakika 30. Konea yao imechubuka tayari. Tuliza mzio kwanza, paka rangi ya fluoresini uone kama konea ni nzima, ndipo uzungumzie TES. Rangi hiyohiyo ipakwe tena baada ya vikao vya mwanzo. Na msimpe mgonjwa dawa ya ganzi aende nayo nyumbani "ili uzi usimwashe". Ganzi ya matone ikitumiwa kila mara inaiyeyusha konea.

#6 Mtetezi_wa_Macho

Wataalamu, mnatisha watu. Kifaa cha OkuStim kutoka Okuvision, Ujerumani, kina alama ya CE (ya kukidhi masharti ya Ulaya) na watu hukitumia nyumbani. Utafiti wa 2011 wa Tübingen, hukohuko Ujerumani, ulionyesha uwanja wa kuona umepanuka. Mtu anayepoteza macho aambiwe asubiri nini?

#7 Konea_Nakuru

Hoja halali, ila tuusome wote. Wa 2011 ulikuwa na wagonjwa 24, wiki 6, makundi matatu: wasiopitishiwa umeme, waliopewa 66% ya kizingiti, na waliopewa 150%. Kundi la 150% ndilo lililoonyesha uwanja mpana na mwitikio mzuri zaidi wa retina. Kikundi hichohicho kikarudia na wagonjwa 52 kwa mwaka mzima, matokeo yakatoka 2017. Safari hii mwitikio wa umeme wa retina kwenye mwanga uliboreka, lakini tofauti ya uwanja wa kuona haikufikia kiwango cha kuaminika kitakwimu. Utafiti mwingine wa 2017, wa usalama, ulifuata watu 105 kwa miezi 6, na lililoongoza kwa malalamiko ni macho kuhisi ukavu. Kwa hiyo: usalama mzuri, faida ndogo na haijathibitika sawasawa. Sisemi asijaribu. Nasema asiuze ng'ombe.

Na "kupanuka kwa uwanja" mtu anaweza kujipa mwenyewe. Berson, mtafiti wa RP wa Marekani, mwaka 1985 aliona wagonjwa wa RP wakipoteza wastani wa asilimia 4.6 ya uwanja uliobaki kwa mwaka. Kipimo chenyewe kinaweza kuyumba zaidi ya hapo kati ya Jumatatu na Alhamisi, kwa mtu yuleyule. Kipimo cha pili huwa kizuri kuliko cha kwanza kwa sababu tu mgonjwa ameshajua kubonyeza kitufe. Hivyo mtu akianza TES siku ya kipimo chake cha kwanza, wiki sita baadaye atakuwa "amepona" hata kama mashine haina betri.

Fanya hivi: vipimo viwili au vitatu vya uwanja kabla ya kikao cha kwanza, kile cha kwanza ukitupe. Mashine ileile, saa ileile ya siku, programu ileile. Aliyebaki na uwanja mwembamba apimwe kwa programu ya 10-2 (nyuzi 10 za katikati), kwani 30-2 (nyuzi 30) itakupa sifuri tupu pembeni na hutaona badiliko. Ongeza picha ya OCT (skani ya tabaka za retina) upime urefu wa mstari wa seli za kupokea mwanga, ule wanaouita EZ. Huo haujui matumaini ya mgonjwa wala ya daktari. Rudia kila miezi 6, na usihukumu kabla ya miaka miwili.

#8 Mama_Njoro

Shikamoo wataalamu. Je, wazee wenye kuzorota kwa makula? Nakuru tunao wengi. Umeme huu unawafaa?

#9 Konea_Nakuru

Marahaba dada. Nakuru imechunguzwa vizuri kuliko kaunti nyingi: utafiti wa 2007–2008 uliwapima watu 4,414 wa miaka 50 na zaidi, wakafuatiliwa tena 2013–2014. Makula iliyozorota ilikuwamo, ila mtoto wa jicho ndiye anayeongoza kupofusha, naye anatolewa kwa upasuaji. Mzee asipelekwe kwenye umeme kabla lenzi yake haijatazamwa. Hata wenye RP hupata mtoto wa jicho mapema, wa nyuma ya lenzi, na ukitolewa wengine huona tofauti kubwa kuliko TES ingeweza kuwapa.

Makula iliyozorota ile kavu imejaribiwa kwa mikondo midogo ya kope, tafiti ndogondogo, bila dozi moja wanayokubaliana. Ile ya majimaji, yenye mishipa mipya inayovuja, ni mwiko: kichocheo kinachomwaga vikuza-seli hutaki kukipeleka mahali mishipa isiyotakiwa inaota. Sababu hiyohiyo inawaondoa wenye kisukari kilichoharibu retina. Waondoe pia wenye uvimbe wa ndani wa jicho unaoendelea, retina iliyobanduka, presha ya jicho isiyodhibitiwa, na waliowekewa kifaa cha umeme cha moyo.

Vidonge vya AREDS2 (vitamini C mg 500, vitamini E IU 400, luteini mg 10, zeaksanthini mg 2, zinki mg 80, shaba mg 2) ni vya makula iliyofikia hatua ya kati. Vina mtego: ile vitamini E IU 400 ndiyo iliyoonekana kuharakisha RP katika utafiti wa Marekani wa 1993. Mwenye RP asinunue chupa ya jirani mwenye makula kwa sababu zote zimeandikwa "macho". Na vitamini A ya IU 15,000 iliyopendekezwa katika utafiti huo ina mabishano hadi leo. Mjamzito asiiguse, wala mwenye kasoro ya jeni ya ABCA4.

#10 Mwalimu_Kibos

Ombi moja: mgonjwa akianza vikao msimsimamishie mafunzo. Fimbo nyeupe, taa ya mkononi, miwani ya rangi ya kupunguza mng'aro, kusoma nukta nundu (breli), vinaanza wakati bado anaona, si baadaye. Wazazi wengi huahirisha wakisubiri mashine, na mtoto anapoteza muhula mzima, pengine miwili.

#11 Optometria_Kakamega

Mwalimu amenena. Nimalizie na kitu kinachosahaulika: makula iliyovimba maji kwa mwenye RP. Kuona kwa katikati kukishuka ghafla ndani ya wiki, usiseme "ugonjwa umeendelea". OCT itaonyesha vifuko vya maji. Vidonge vya asetazolamidi, mara nyingi mg 250 mara mbili kwa siku, au matone ya dozolamidi 2% mara tatu kwa siku, huyakausha maji hayo kwa wengi. Hapo usiwashe TES mpaka maji yatoke.

#12 Jirani_wa_Kondele

Asetazolamidi inapatikana kemisti, si ndiyo?

#13 Optometria_Kakamega

Inapatikana, ila isinunuliwe bila kuulizwa maswali mawili, hasa kwetu kando ya ziwa. La kwanza: je, Septrin au Fansidar iliwahi kumtoa vipele au malengelenge? Asetazolamidi ni ya ukoo wa salfa, kwa hiyo daktari lazima ajue. La pili: je, ana seli mundu? Dawa hii huongeza asidi kwenye damu, na asidi huzifanya seli hizo zijikunje. Mwenye jibu la "ndiyo" kwa lolote aanzie kwenye mazungumzo ya matone, na hata hayo ni jamaa wa dawa ileile, kwa hiyo chini ya uangalizi. Anayemeza vidonge atahisi vidole vikimwasha kama sisimizi wanatembea na atakojoa mara nyingi. Hayo ni ya kawaida. Maumivu makali ya ubavu au mkojo wenye damu si ya kawaida: aache dawa na arudi siku hiyohiyo.